Sikio Halilali na Njaa



Ndugu wasomaji, tunaomba tuzungumze nanyi juu ya jambo lililoingia katika kila nyumba yetu bila ya kubisha hodi. Jambo hilo ni habari. Hatukusudii habari za nani kaoa na nani kajifungua, ambazo ni starehe ya jamaa waliotawanyika. Tunakusudia zile zinazotufanya tufunge milango, tuwazuie watoto kwenda madrasa, tuikatae dawa, au tukeshe tukiwalilia ndugu tuliowaacha nyumbani; kisha kukapambazuka, tukaambiwa kwamba mengi katika tuliyoyasikia hayakuwa na asili.

Wazee wetu husema sikio halilali na njaa. Msemo huu unatuhusu zaidi sisi tulio mbali, kwani mwenye kuishi karibu na tukio hutoka nje akatazama, na aliye mbali hana ila sikio lake. Tulipofika Uingereza, habari za nyumbani zilitujia kwa njia tatu: barua, msafiri na redio. Barua ilichukua wiki mbili au tatu njiani, ikafika ikiwa na hati ya mtu tunayemjua. Msafiri alipowasili alipikiwa chai, akazungukwa, akaulizwa habari za watu mmoja mmoja: fulani yu hai? Nyumba ya fulani imeuzwa? Na redio ilikuwa ni Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, au Sauti ya Ujerumani, iliyoanza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 1963.

Hatutaki kuzipamba njia hizo kupita kiasi. Barua zilificha misiba ili mgeni asihangaike. Wasafiri walitia chumvi. Redio nazo zilikuwa za serikali za wakubwa, na wakubwa wana maslahi yao. Hata hivyo, kila habari ilikuwa na mwenyewe. Barua ilikuwa na sahihi, msafiri alikuwa na jina na ukoo, mtangazaji alitaja jina lake kabla hajasoma. Ikidhihiri kwamba jambo si kweli, tulijua pa kwenda kuuliza. Leo habari inatufikia mfukoni kabla hata jirani wa pale ilipotokea hajaisikia, lakini aghalabu haina mwenyewe. Katika tofauti hiyo ndimo inamotoka sehemu kubwa ya balaa tunayotaka kuieleza.

Tuanze na lililotugusa sote tunaoishi Uingereza. Tarehe 29 Julai 2024, katika mji wa Southport, kijana mmoja mwenye kisu alivamia darasa la dansi la watoto. Wasichana watatu wadogo wakapoteza maisha, na wengine wakajeruhiwa. Kwa kuwa mshukiwa alikuwa na umri wa miaka 17, sheria iliwazuia polisi kulitaja jina lake. Nafasi hiyo tupu ikajazwa na uongo. Katika muda wa saa chache likazuka jina la kubuni lenye sura ya Kiislamu, likafuatana na hadithi kwamba mwenye jina hilo ni mtafuta hifadhi aliyevuka bahari kwa mashua mwaka mmoja kabla. Jioni ya siku ya pili umati ukaushambulia msikiti wa Southport kwa matofali na chupa, watu wakiwa wamezingirwa ndani, na askari zaidi ya 50 wakaumia.

Tarehe 1 Agosti jaji aliruhusu jina la kweli litajwe. Kijana yule alikuwa amezaliwa Cardiff, wazazi wake wakiwa wametoka Rwanda. Hakuwa amekuja kwa mashua, wala jina lile halikuwa lake. Ungetaraji mambo yatulie. Hayakutulia. Ghasia ziliingia Sunderland, Hull, Liverpool na kwingineko, na tarehe 4 Agosti huko Rotherham umati ulijaribu kuitia moto hoteli waliyokuwamo watafuta hifadhi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na kweli mwongo huyu alifichuliwa siku ya tatu tu. Lakini katika ufupi wa njia hiyo alikuwa amekwishafika kwenye mlango wa msikiti.

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukajihesabu kuwa sisi ni waliodhulumiwa na uongo wa wengine, basi. Lakini juma lile lile tulipokea pia habari za upande wetu. Kulienea habari kwamba mwanamke wa Kiislamu amemwagiwa tindikali huko Middlesbrough. Aliyeisambaza kwa wengi ni mtu anayejulikana kwa kupinga ubaguzi, aliyekusudia kututetea. Polisi wakasema hawakupokea taarifa ya tukio hilo, na yeye baadaye akaomba radhi. Wakati huo habari ilikwisha kuingia katika makundi ya kina mama, na wapo waliokaa ndani siku kadhaa bila ya kuthubutu kwenda sokoni.

Kisha ikaja orodha. Ilisemekana kwamba usiku wa tarehe 7 Agosti wafanya ghasia watakusanyika mahali kadhaa nchini. Orodha ya awali, kama ilivyoelezwa na vyombo vya habari, ilitaja zaidi ofisi za wanasheria wa uhamiaji na vituo vya kuwasaidia wahamiaji. Nakala iliyotufikia sisi ilikuwa imekwisha kunenepa: ndani yake mlikuwa na msikiti, shule na duka la nyama halali, vyote vya mtaani kwetu. Nani aliviongeza? Hakuna aliyejua. Mmoja wa wazee wa msikiti alivaa kanzu yake, akaenda kwa miguu hadi kituo cha polisi kuuliza, akarudi na jibu kwamba hawana taarifa yoyote inayohusu mahali hapo, lakini watapita kuangalia. Tulisali Isha kama kawaida, vijana wawili wakisimama mlangoni. Usiku ule, katika miji mingi, waliojitokeza kwa maelfu walikuwa ni raia waliokuja kupinga ubaguzi, na wafanya ghasia hawakuonekana ila wachache.

Hatusemi kwamba tahadhari ilikuwa kosa. Hatari ilikuwepo, na asiyejihadhari hulaumiwa. Tunachosema ni kwamba hofu yenye habari sahihi ilitufanya tuweke vijana wawili mlangoni, na hofu isiyo na habari ilimfanya mama mmoja miongoni mwetu asiende hospitali kwa miadi aliyoingojea miezi mitano. Usiku ulikuwa mmoja, mtaa ulikuwa mmoja. Kilichowatenganisha ni mzee mmoja aliyekwenda kuuliza.

Sisi Waislamu hatukupaswa kungoja enzi hii ndipo tujifunze kuuliza. Sura ya Al-Hujurat inatuamrisha, atujiapo mtu mpotovu na habari, tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Sura ya An-Nur inawakemea walioupokea uzushi dhidi ya Bibi Aisha na kuutia midomoni bila ya kuwa na elimu nao. Na wanazuoni wetu wa Hadithi waliijenga elimu nzima juu ya swali moja: umeyapata kwa nani, na yeye aliyapata kwa nani? Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, alisafiri miji na miji kwa ajili ya swali hilo.

Lenye kutufaa zaidi katika elimu yao ni hili: uchamungu wa mtu peke yake haukuwatosha. Palikuwa na watu wema, wenye kusali usiku na kufunga, ambao wanazuoni hawakuzipokea riwaya zao, kwa sababu kumbukumbu zao zilikuwa dhaifu au kwa sababu haikuthibiti kwamba walikutana na wale waliowataja. Hawakuwaita waongo. Walisema tu kwamba mnyororo umekatika. Basi na sisi, habari inapotujia kutoka kwa mjomba tunayempenda, tusiseme, "Mjomba hasemi uongo." Ni kweli, mjomba hasemi uongo. Je, mjomba aliiona? Na aliyemrushia aliiona?

Tazameni jambo dogo lililomo ndani ya simu zetu. Tangu mwaka 2019, ujumbe wa WhatsApp uliorushwa mara nyingi huwekewa alama ya mishale miwili, maana yake ni kwamba umekwishapita katika mikono mitano au zaidi kabla ya kutufikia. Yaani tumepewa mnyororo wa wapokezi watano, na majina ya wote yamefutwa. Mwanafunzi wa madrasa wa mwaka wa kwanza angejua la kufanya na riwaya ya namna hiyo.

Tuje kwenye afya, kwani huko uongo hauvunji vioo bali hupunguza uhai wa watoto. Mwaka 1998 jarida la madaktari la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake, iliyohusu watoto 12 tu, ikaleta dhana kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Baadaye yakabainika makosa makubwa ndani yake. Mwaka 2010 jarida likaifuta, na mwaka huo huo Wakefield akaondolewa katika daftari la madaktari wa Uingereza. Uchunguzi uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2019, uliowafuatilia watoto 657,461, haukuona uhusiano wowote baina ya chanjo hiyo na usonji.

Lakini tuwatazame majirani zetu Wasomali wa Minnesota, huko Marekani. Wazazi wengi waliona watoto wao wakichelewa kusema, wakapata majibu ya haraka haraka kutoka kwa madaktari, na lugha yao haikuwa na neno la ugonjwa huo. Swali lao lilikuwa la kweli. Waliokuja kukaa nao, kuwasikiliza na kuwapa jibu walikuwa ni wapinga chanjo, na Wakefield mwenyewe alikwenda kukutana nao. Miongoni mwa watoto wa asili ya Kisomali waliozaliwa katika jimbo hilo, waliochanjwa walikuwa asilimia 92 mwaka 2004. Kufikia mwaka 2014 walikuwa asilimia 42. Mwaka 2017 surua ikazuka, wakaugua watu 75, wengi wao watoto wa jamii hiyo. Hatuwataji ili kuwalaumu. Tunawataja kwa sababu mlango ulioachwa wazi kwao umeachwa wazi kwetu pia: pale swali la kweli lisipojibiwa na anayejua, litajibiwa na asiyejua.

Hapa Uingereza swali letu ni la nguruwe. Wengi wetu tumepokea ujumbe kwamba chanjo zote za watoto zimetiwa nguruwe, kwa hiyo ni haramu, na kwamba madaktari wanatuficha. Ukweli ni huu: baadhi ya chanjo zina jelatini inayotokana na nguruwe, na idara ya afya yenyewe imeliandika hilo wazi. Kwa chanjo ya surua ipo aina isiyo na jelatini hiyo, na mzazi anaweza kuiomba kwa daktari wake. Na mtoto asiyepewa chanjo ya mafua ya kupuliza puani kwa sababu hiyo anaweza kupewa ya sindano. Mwenye kusema kwamba jelatini haimo katika chanjo yoyote amekosea, na mwenye kusema kwamba imo katika zote amekosea pia. Mama aliyeuliza amepata aina inayomridhisha. Aliyerusha ujumbe bila ya kuuliza amemwacha mtoto bila ya kinga, katika nchi ambayo mwaka 2024 Uingereza peke yake, bila ya Scotland na Wales, ilithibitisha wagonjwa wa surua 2,911.

Mizani ina upande wa pili, nao ni wa mtu aliyechoka kudanganywa akaamua kutosadiki lolote. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, intaneti ilizimwa nchini, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Wale wenye jamaa huko wanazikumbuka siku zile. Makundi ya ukoo yaliyokuwa yakipiga kelele kutwa yalinyamaza ghafla. Katika ukimya huo zikatufikia picha kutoka nchi nyingine za nje: nyingine za kweli, nyingine za zamani, nyingine hatukujua ni za wapi. Jamaa zetu wakagawanyika. Kundi moja lilisadiki kila picha na kila idadi ya maiti. Kundi la pili lilisema yote ni uzushi wa maadui, nchi ni salama. Makundi yote mawili yalikwepa kazi ile ile, kazi ya kungoja na kupambanua. Tarehe 31 Oktoba Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilizungumzia vifo visivyopungua 10. Tarehe 11 Novemba ikasema habari ilizozipata zinaonyesha kwamba waliouawa ni mamia. Serikali nayo mwezi huo huo ikaunda tume ya uchunguzi. Aliyesema hakukuwa na lolote hakuwa mtu wa tahadhari. Alikuwa amefunga macho tu.

Siku ya tatu tulimpata ndugu yetu mmoja kwa simu ya kawaida. Maneno yake tunayakumbuka. Alisema, "Niliyoyaona kwa macho yangu, nikiwa dirishani, ni haya." Akayataja, nayo yalikuwa machache. Kisha akasema, "Mengine nimeyasikia, siwezi kuyabeba." Katika siku zile hatukupokea habari yenye thamani kuliko hiyo, ingawa ilikuwa fupi kuliko zote.

Limebaki jambo gumu, nalo ni adabu. Tufanyeje anayerusha uongo awapo ni mama yetu, au shekhe, au bibi ambaye simu ndiyo inayompunguzia upweke? Vijana wetu waliosoma hapa hujibu mbele ya kundi zima kwamba hii si kweli, wakaweka na ushahidi. Ushahidi wao huwa sahihi, lakini mzee huaibika, na mzee aliyeaibika hushikilia neno lake zaidi. Katika nyumba yetu tumewafundisha watoto njia nyingine. Wampigie bibi simu peke yake, wamwamkie, wamsikilize, kisha waulize, "Shikamoo bibi. Ile habari ya jana umeipata kwa nani? Tunataka tumuulize na sisi." Mara nyingi bibi mwenyewe ndiye anayegundua kwamba hamjui aliyeileta. Na akishajua, yeye mwenyewe huliambia kundi lake, nao humsadiki kuliko watakavyotusadiki sisi.

Tuna na mazoea mengine machache, tunayoyaweka mbele yenu ili nanyi myaongeze. Habari yenye kutisha hatuirushi siku ile ile tuliyoipokea, isipokuwa tumezungumza na aliyeiona au na mwenye dhamana nayo. Picha tunaiuliza ni ya wapi na ya lini. Isiyo na mahali wala tarehe inaishia kwetu. Vyombo viwili vikinukuu chanzo kimoja, tunahesabu kwamba tumesikia mara moja. Na kwa kuwa sasa akili mnemba inaweza kuiga sauti ya mtu, tumekubaliana neno la siri la familia. Akipiga mtu kwa sauti ya mwanetu akidai kwamba yumo taabani na anataka pesa upesi, tutamuuliza neno hilo kwanza.

Wapo watakaosema kwamba tukingoja namna hii tutakuwa wa mwisho kujua. Huenda. Lakini katika jamii ndogo kama zetu, zilizo mbali na kwao, mtu hajulikani kwa kuwa wa kwanza kusema. Hujulikana kwa kuwa neno lake likifika, watu huvaa viatu wakatoka, au hukaa chini wakatulia, bila ya kuuliza mara ya pili. Watu kama hao tulikuwa nao vijijini na mitaani kwetu. Tunawahitaji huku zaidi kuliko tulivyowahitaji kule, na kila nyumba inaweza kumtoa mmoja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, atuonyeshe batili tuiepuke, na azilinde ndimi zetu na mikono yetu.